Tahakiki ya Kanuni ya Kuhifadhi Muda katika Seva za Hifadhidata: Mfano wa Sumbawanga na Uwanda wa Ufipa

Kanuni inayokubaliwa na wengi katika usimamizi wa hifadhidata ni kwamba seva iwekwe katika saa za dunia, yaani UTC, na saa za mahali zikokotolewe wakati wa kusoma taarifa. Tahakiki hii inashikilia kwamba kanuni hiyo ni sahihi lakini haitoshelezi pale ambapo saa inayoingizwa imetajwa kwa Kiswahili.

Ubora wake hauna ubishi. Tanzania imeitangulia UTC kwa saa 3, ilhali Zambia imeitangulia kwa saa 2. Hivyo tukio moja likiandikwa pande mbili za mpaka wa Kasesya, mkoani Rukwa, hupishana kwa saa nzima pasipo kipimo cha pamoja. Katika MySQL, safu ya aina ya TIMESTAMP hugeuza muda kwa kufuata ukanda wa saa uliowekwa. Safu ya DATETIME hutunza kilichoandikwa kama kilivyo.

Udhaifu wa kwanza umo katika tarehe. Chukuliwe mtoto aliyezaliwa Sumbawanga saa nane usiku, yaani 02:00, tarehe 1 Julai. Katika UTC ni 23:00, tarehe 30 Juni. Ripoti inayopanga vizazi kwa tarehe ya UTC humrudisha katika mwaka wa fedha wa Serikali uliokwisha. Kosa hili huondoka muda ukigeuzwa kabla ya kupangwa.

Udhaifu wa pili hauna tiba ndani ya seva. Mama mwingine akieleza kwamba alijifungua "saa mbili usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai", anakusudia 20:00 ya tarehe 30 Juni. Karani akiandika 02:00, tarehe 1 Julai, seva huipokea, na mpangilio wa Africa/Dar_es_Salaam huigeuza kuwa 23:00 ya tarehe 30 Juni: ugeuzaji sahihi wa saa isiyo sahihi. Watoto hao wawili, waliopishana kwa saa 6, sasa wana muda mmoja katika hifadhidata, wala hakuna amri inayoweza kuwatenganisha. Cheti cha mmoja wao kitabeba siku ambayo hakuzaliwa.

Kwa hiyo, marekebisho yanapaswa kuanzia kwenye fomu: iulize kipindi cha siku pamoja na saa kama ilivyotamkwa, na maneno hayo yahifadhiwe kando ya UTC ili kosa liweze kufuatiliwa.