Pumzi ya Injini

Katanga ilijua kulisha moto kwa hewa muda mrefu kabla gari la kwanza halijafika. Wayeyushaji wa kale, ambao Jean-Félix de Hemptinne, aliyekuja kuwa askofu, aliandika habari zao mwaka 1926 akiwaita wala shaba, walijenga matanuru kwa udongo wa vichuguu wakati wa kiangazi. Waliyajaza makaa na mawe ya kijani ya malakiti, kisha wakavukuta mivukuto ya ngozi iliyopeleka upepo ndani kupitia mirija ya udongo. Hewa ikipungua, jiwe halikuyeyuka. Kampuni ya madini ya Union Minière nayo, ilipotoa shaba yake ya kwanza Lubumbashi mwaka 1911, ilikuwa na mashine kubwa za kupulizia, lakini moto ulidai kitu kilekile.

Ndiyo maana fundi wa Katuba au wa Kenya, mitaa ya Lubumbashi, anayeinamia Toyota IST kuitengenezea njia mpya ya hewa, mimi humhesabu katika ukoo huo.

Wateja wake wengi ni vijana. Gari limetoka Japani likiwa limekwisha tumika, injini ni ya lita 1.3 au 1.5, na kijana anataka liwe na nguvu zaidi, au angalau sauti. Ameona filta ya wazi yenye umbo la pia, ile inayofungwa peke yake mwishoni mwa bomba bila sanduku, na ameipenda. “Papa, nataka ingurume.” Fundi mzuri hamcheki wala hambishii. Anafungua boneti, anaweka kiganja karibu na bomba la moshi, anamwomba kijana aweke chake pia. Joto linasema lenyewe.

Lubumbashi iko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Kimo hicho peke yake kimekwisha punguza hewa kwa karibu sehemu moja kati ya nane, ukilinganisha na Dar es Salaam ambako magari mengi ya namna hii hushukia. Sasa ongeza joto. Kila nyuzi tatu za Selsiasi hewa inapopashwa, uzito wake hupungua kwa karibu asilimia 1. Filta ya wazi inayovuta hewa ya nyuzi 60 chini ya boneti, wakati nje ni 30, imepoteza karibu asilimia 9. Basi kijana amenunua mngurumo na kuuza nguvu. Waliolitengeneza gari hawakuwa wajinga walipopitisha mdomo wa bomba mbele, mbali na joto la injini.

Kwa hiyo kuchagua huanzia mahali pa kuvutia hewa, kabla ya jina lililoandikwa kwenye filta. Fundi ninayemsifu akikubali kufunga ile ya wazi, atakata bati na kuikingia ukuta dhidi ya joto, aziwekee kingo zake mpira, kisha ashushe bomba hadi panapofika upepo wa nje. Asipopata nafasi ya kufanya hivyo, atashauri sanduku la asili libaki na filta peke yake ibadilishwe. Ushauri huo unampunguzia malipo, naye huutoa hata hivyo.

Kisha kuna vumbi. Kuanzia Mei hadi Oktoba udongo mwekundu huelea juu ya barabara za mitaa, na kwenye njia za migodini malori huuinua kama pazia. Chembe za mchanga ni ngumu kuliko watu wanavyodhani. Zikipita, husaga ringi za pistoni na kuta za silinda, na baada ya muda gari huanza kula oili na kutoa moshi wa buluu. Injini ya lita 1.5 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika humeza karibu lita 2,000 za hewa katika dakika hiyo moja. Tundu dogo tu lina mengi ya kuingiza. Filta ya pamba yenye mafuta, ya aina iliyoenezwa na K&N iliyoanzia California, tangu 1969, hupitisha hewa kwa urahisi na inaoshwa ikatumika tena. Lakini mimi, kwa vumbi letu, naiamini zaidi karatasi nzuri iliyokaa sawasawa. Pamba iliyolowa mafuta kupita kiasi pia huweza kuchafua waya mwembamba wa sensa ya hewa.

Sensa hiyo ndiyo inayotenganisha fundi na mfungaji tu. Kompyuta ya gari hukadiria hewa kwa kujua upana wa bomba ambamo waya umekaa. Weka bomba pana zaidi, nayo itadhani hewa ni kidogo, imwage petroli pungufu, na injini ichome kwa ukame. Kwa sababu hiyo nimemwona fundi akipima kipenyo cha ndani cha bomba la zamani, akalipima lile jipya, akalikataa, akatafuta jingine, huku mteja akitazama saa. Akaupachika msingi wa sensa ukielekea upande uleule, umbali uleule kutoka kwenye kona. Hakuna atakayeiona kazi hiyo boneti ikishafungwa.

Pete za kubania anazikaza kwa mkono, kiasi, maana zikizidi hukata mpira. Baada ya wiki chache anataka gari lirudi. Analegeza bomba nyuma ya filta na kupitisha kitambaa cheupe ndani. Kikitoka na wekundu, anafungua kila kiungo na kuanza upya, bila malipo. Kikitoka safi, anamwambia mteja aje tena kabla ya mvua za Novemba kubadilisha karatasi, kwa kuwa vumbi la kiangazi chote likipata unyevu hugeuka tope na kuziba.