Talaka Inayojizuia Yenyewe: Tuitazame Tena Mas-ala ya Surayjiyya

Mtu anamwambia mkewe: "Wakati wowote talaka yangu itakapokupata, basi wewe umekwisha achika talaka tatu kabla yake." Siku zikapita, wakakosana, akamwambia: "Nimekuacha." Je, mke huyu ameachika au hakuachika?

Hii ndiyo mas-ala ijulikanayo kwa jina la Surayjiyya, ikinasibishwa na Imamu Abul-Abbas Ibn Surayj wa Baghdad (aliyefariki mwaka 306 H/918), mmoja wa nguzo za madhehebu ya Imamu Shafi. Baadhi ya wanafunzi huichukulia kuwa ni kitendawili cha kupimana akili barazani. Lakini ndani yake yumo mwanamke anayesubiri kujua kama yeye ni mke wa mtu au la.

Tuifuate hoja hatua kwa hatua. Tuseme talaka hii imepita. Basi sharti limetimia, na talaka tatu zimekwisha pita kabla yake. Lakini zikiwa tatu zimepita kabla, mke alikwisha toka katika ndoa, na talaka hii haina mahali pa kuangukia. Isipoanguka, sharti halikutimia, na zile tatu nazo hazikupita. Matokeo: kila akitamka talaka, haipiti kitu. Wanavyuoni huuita mzunguko huu dawr.

Kauli ya kwanza, na ndiyo inayonasibishwa na Ibn Surayj, ni kuwa haipiti talaka yoyote. Waliifuata wakubwa, na Imamu Ghazali (aliyefariki mwaka 505 H/1111) alipata kuandika kitabu kuitetea. Kauli ya pili ni kuwa zinapita tatu. Ya tatu, ambayo Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 H/1277) aliitanguliza katika Minhaj, ni kuwa inapita ile moja iliyotamkwa sasa, na ile iliyofungamanishwa na sharti haina nguvu.

Kasoro ya kauli ya kwanza iko wapi? Hatua zake zote zinaonekana sawa. Ila imekubali jambo moja bila ya kulihoji: kwamba mume ana uwezo wa kutamka neno ambalo jawabu lake linaliangusha sharti lake lenyewe. Sharti ni sababu, na jawabu hufuata sababu. Jawabu likitangulizwa mbele ya sababu yake kisha likaiua, hapana tena sharti wala jawabu, bali yamebaki maneno. Na mume hakupewa talaka ili aigeuze kuwa kufuli. Mwenyezi Mungu ameweka mipaka ya talaka katika Suratul Baqarah (2:229-231), akakataza kuwazuia wake kwa kuwadhuru na kuzifanyia mzaha aya Zake. Neno la mja halifuti hukumu hiyo.

Wanavyuoni wa mantiki walikutana na ndugu wa mas-ala haya. Mtu akisema, "Neno langu hili ni uongo," je, amesema kweli? Akiwa mkweli, basi ni uongo. Akiwa mwongo, basi amesema kweli. Nasiruddin Tusi (aliyefariki mwaka 1274) alijibu kuwa ukweli na uongo hupimwa pale panapokuwa na habari na kitu kinachohabariwa. Neno lisilo na kitu nje yake halipimwi. Jalaluddin Dawwani (aliyefariki mwaka 1502) akashika njia ya karibu na hiyo: maneno hayo yana sura ya habari, lakini si habari. Na katika zama zetu, mwaka 1933, Alfred Tarski wa Poland alifikia kuwa lugha haiwezi kuhukumu ukweli wa maneno yake yenyewe bila ya kuangukia mgongano. Wote wameugusa mshipa mmoja: neno linalojirudia lenyewe halipati nguvu kwa kule kujirudia.

Hata hivyo insafu inatutaka tuseme kuwa si wote walioridhika. Saaduddin Taftazani (aliyefariki mwaka 1390) aliipa mas-ala ya mwongo jina la "mzizi kiziwi", neno la wanahisabati kwa mzizi usiotoka kwa hesabu kamili. Alizipitia hoja za wenzake, kisha akakiri kuwa kukubali kushindwa ni bora kwake kuliko kujibu.

Hapa ndipo mantiki na fiqhi zinapoachana. Mwanamantiki anaweza kusimama akasema, "Sijui," na hapana aliyedhurika. Kadhi hawezi. Akinyamaza, mwanamke hana eda ya kuhesabu, hawezi kuolewa, na hajui kama mume anayemwingilia ni halali yake. Kwa hiyo anayesema kuwa kauli ya Nawawi imekata fundo bila ya kulifungua, tunamjibu kuwa fundo amelifunga mume kwa ulimi wake, na si haki afungiwe ndani yake mtu mwingine.

Wala tusimlaumu Ibn Surayj. Wako waliotilia shaka kuwa aliyasema hayo, na mwenye kujitahidi ana ujira wake. Bora tumtazame Ghazali: baada ya kuandika kuitetea kauli ile, aliandika tena kuirudi. Hakuona haya kwamba kitabu chake cha kwanza kilikuwa kimekwisha wafikia watu.

Enyi maimamu na wanafunzi, huku pwani Minhaj inasomwa katika darsa zetu. Tukifika mlango huu tusiishie kwenye utamu wa mzunguko. Tuwafundishe watu kauli inayotegemewa, na tumwambie anayetaka kuchezea talaka kwa hila za maneno kuwa neno lake moja la sasa linatosha kumfunga.

Wallahu a'lam.