Pingili, Pandikizi na "Dawa ya Mizizi"

Istilahi hupimwa kwa kazi inayoifanya mikononi mwa mtumiaji wake. Kwa kipimo hicho, istilahi za kuzalisha miti bila mbegu bado zina kasoro, na mkulima ndiye anayepata hasara.

Tulitazame neno "pandikizi". Katika maandishi ya kilimo hubebeshwa maana tatu: mche uliohamishwa kutoka kitaluni, kikonyo kilichounganishwa na shina jingine, na kipande cha tawi kilichochomekwa udongoni ili kitoe mizizi. Mifano ya Tabora yatosha kuonyesha madhara yake. Mwembe, mti uliosambaa pamoja na njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, huota kwa kokwa, au huzalishwa kwa kubebesha. Tawi lake likichomekwa tu, ni nadra kushika. Mpera, kinyume chake, waweza kutoa mizizi kwa kipande cha tawi changa kilichotiwa homoni na kuwekwa penye unyevu mwingi. Sasa anayeambiwa "panda pandikizi" afanye lipi?

Jibu limo mashambani mwetu. Mkulima wa muhogo hupanda "pingili". Yaweza kudaiwa kwamba pingili ni sehemu iliyo kati ya kifundo na kifundo. Ni kweli kwa muwa na mwanzi. Lakini pingili ya muhogo ina macho kadhaa, na matumizi hayo yamekwisha kukubalika. Kwa hiyo twapendekeza "kupandikiza" kwa kuhamisha miche, "kubebesha" kwa kuunganisha, "pingili laini" kwa kipande cha tawi changa, na "pingili ngumu" kwa kile cha tawi lililokomaa.

"Dawa ya mizizi" ni kosa kubwa zaidi. Oksini, ambayo uwezo wake wa kuanzisha mizizi ulithibitishwa katika miaka ya 1930, hutiwa kwenye pingili isiyo na mizizi bado, tena kwa kiasi kidogo mno, ikizidi, hudhuru. Anayeidhani dawa aweza kuimimina shinani mwa mti mgonjwa. "Kichocheo" nalo lina utata, kwani wanakemia wamekwisha kulitumia kwa maana nyingine. "Homoni ya kuotesha mizizi" ni refu, lakini lasema kweli.

Mpagazi wa Kinyamwezi alipimiwa mzigo kabla ya safari. Istilahi nayo yapasa ipimiwe wake. Twawaomba wasomaji, hasa mabwana na mabibi shamba, watuletee maneno yatumikayo kwao.