Binyavanga, Januari na Rafiki Niliyemdanganya

Filamu za Marekani zimetuzoesha kwamba urafiki hubadilika mwisho wa kiangazi: gari limejaa masanduku, mtu anapunga mkono, muziki unapanda. Sachangwan hatuna kiangazi cha hivyo. Tuna Januari. Mahindi yashavunwa, vumbi limeanza, na kando ya barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret watu wa rika langu wamesimama na mabegi wakingoja matatu. Likizo ya Desemba imeisha. Kila mtu anarudi mahali.

Januari hii mimi sikuwa na begi. Nilikuwa nimemsindikiza beste yangu tu, tuliyesoma naye tangu darasa la kwanza.

"Na wewe unarudi lini?" akaniuliza.

"Wiki ijayo," nikasema.

Nilikuwa nimeacha chuo tangu Septemba. Yeye akatoa kitabu begini, jalada limechanika pembeni, akanipa. "Soma huyu. Ni mtu wetu wa Nakuru." Matatu ikaja, akapanda.

Kitabu chenyewe ni One Day I Will Write About This Place, kumbukumbu za maisha ya Binyavanga Wainaina, kilichotoka mwaka wa 2011. Binyavanga alizaliwa Nakuru mwaka wa 1971 na kufariki Mei 2019. Watu wengi wanamjua kwa Tuzo ya Caine aliyoshinda mwaka wa 2002 na kwa jarida la Kwani? alilolianzisha baadaye. Mimi nilikuwa namjua kwa jambo lingine kabisa: aliacha chuo. Kwa sisi tulioacha, jina lake ni kama leseni. Ukiulizwa na mjomba kwenye sherehe, unajibu, "Hata Binyavanga hakumaliza."

Sasa nimekisoma, na nimeona aibu kidogo kwa kutumia hilo jibu.

Sehemu iliyonishika ni ile ya Afrika Kusini, alikokwenda kusomea biashara katika Chuo Kikuu cha Transkei. Hakuna siku moja kubwa anayoamka na kusema basi, naacha. Anakosa darasa moja, halafu lingine. Anajifungia chumbani, anasoma riwaya, siku zinageuka miezi. Hamlaumu mhadhiri, halaumu karo, hajitetei. Mtu ambaye hajawahi kukaa chumba cha hivyo atadhani ni uvivu. Mimi nilijua hata harufu yake.

Na anaandika karibu kitabu chote kwa wakati uliopo. Mwanzoni ilinichosha, nikaona ni madoido. Kisha nikaelewa kazi yake. Ukisema "nilikuwa nimelala chumbani," msomaji anajua uliamka. Ukisema "nimelala," hakuna anayejua kitu, hata wewe. Kule chumbani hakuna Tuzo ya Caine. Kuna pazia lililofungwa tu. Sisi tunaolitumia jina lake kama leseni tunasoma kutoka mwisho kurudi nyuma, tunachukua tuzo kisha tunakihesabu kile chumba kuwa njia ya kuifikia. Kitabu chenyewe hakisemi hivyo popote.

Nina malalamiko lakini. Baba yake alikuwa mkurugenzi wa Bodi ya Pareto pale Nakuru. Shosho yangu, huku juu, alichuma pareto, maua meupe yakijaa kikapu. Yaani tunatoka katika zao moja, ila ncha tofauti za mnyororo. Mtoto wa mkurugenzi akianguka, pana godoro chini. Binyavanga hafichi hali ya kwao, ila haishughulishi sana kalamu yake pia. Wapi bei ya kuacha chuo? Kwetu bei hiyo ina jina la ng'ombe aliyeuzwa.

La pili ni marafiki. Ndugu zake wako hai kabisa kwenye kurasa: Jimmy, kaka mkubwa anayejiamini, Ciru, dada mdogo mwenye akili kali. Marafiki wapo pia, lakini wengi wanapita kama abiria, mmoja anashuka, mwingine anapanda. Pengine ndivyo ilivyo ukiwa unazama, watu wa nje wanafifia. Ila kuna mmoja niliyemtafuta kila ukurasa baada ya Transkei. Ciru alikwenda kusoma chuo hicho hicho. Yeye alimaliza. Alikuwa karibu, akiona. Ningetoa hela yangu ya mwisho kusoma kitabu cha Ciru: inakuwaje kumpenda mtu anayejifungia, ukajua, na bado ukangoja akwambie mwenyewe?

Kinachokosekana hapo Binyavanga alikiona kwa njia yake. Januari 2014 alichapisha makala aliyoiita sura iliyopotea ya kitabu hiki. Ndani yake anamwambia mama yake kwamba yeye ni shoga. Mama alikuwa amefariki mwaka wa 2000. Anakiwaza kitanda cha hospitali ambacho hakuwahi kufika kwa wakati, na anasema hapo lile ambalo hakulisema. Wengi waliisoma kama tangazo kwa taifa, na ilikuwa hivyo. Mimi sasa naisoma kama maungamo kuhusu kuchelewa. Ukiirudishia mahali pake kitabuni, kitabu kinageuka. Mtu aliyeonekana kusema kila kitu alikuwa amebakisha neno moja, na mwenye kustahili kulisikia kwanza hakuwepo tena.

Hapa kwetu, ukimwambia mtu wa Nairobi unatoka Sachangwan, anakumbuka kitu kimoja: lori la mafuta lililopinduka tarehe 31 Januari 2009, moto, na watu zaidi ya 100 waliokufa. Nilikuwa mtoto. Wakubwa walituzoesha kutouliza. Labda ndiyo maana tunajua sana kuishi karibu na jambo bila kulitaja. Tunapita pale tukiongea habari ya bei ya viazi.

Nilimaliza kitabu Jumanne usiku. Jumatano nikampigia beste.

"Niliacha chuo," nikasema. "Tangu Septemba."

Kimya. Kisha, "Najua. Tangu Oktoba najua."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuuliza pale stejini unarudi lini. Hilo ulidhani ni swali gani?"

Hakukasirika kwamba nimeacha. Alikasirika kwamba Desemba nzima, tukichoma mahindi, tukitembea hadi Molo na kurudi, nilimlazimisha aigize pamoja nami. Aliniambia amechoka. Sikuwa na la kujibu, nikasema pole, na hiyo pole ilisikika ndogo sana kwenye simu.

Hatujaongea tangu siku hiyo. Atarudi Aprili, pengine. Kitabu chake bado kiko kwangu, na nimekibandika jalada kwa selotepu. Someni kitabu hiki, na mkikimaliza tafuteni ile sura iliyopotea, msiiache. Lakini msikitumie kama leseni.