Vipimo Vitatu na Kizibo Kimoja

Malalamiko yalikuwa mawili. Hita ya lita 50 katika nyumba moja ya Nyali, Mombasa, ilichelewa kupasha maji jioni, na siku za karibuni ilikuwa imeanza kukata umeme wa nyumba nzima. Fundi wa kwanza alisema inunuliwe mpya. Wa pili alitoa mita, na kazi yake inafaa kuchambuliwa, maana hatari iliyokuwa kubwa kuliko zote hakuna aliyekuwa ameilalamikia.

Alianza na hesabu kabla ya bisibisi. Kupasha lita 50 kutoka nyuzi 25 hadi 60 za Selsiasi hula kama yuniti 2 za umeme. Elementi ya wati 1,500 humaliza kazi hiyo kwa saa moja na dakika ishirini hivi, ilhali watu wa nyumba hii walikuwa wakingoja saa mbili na ushei. Hapo mafundi wengi huihukumu elementi: imeshika chumvi, itupwe. Ni kweli kwamba visima vya pwani, vilivyochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, hutoa maji magumu, na yanapopata moto huacha ukoko mweupe. Lakini ukoko haupunguzi wati. Umeme ulioingia kwenye elementi hugeuka joto, na joto hilo halina pa kwenda ila majini. Kinachoumia ni elementi yenyewe, inayolazimika kuwaka moto kupita kiasi chini ya blanketi hilo mpaka gamba lake lipasuke.

Akazima swichi kuu, akahakikisha kwa mita kwamba nyaya hazina umeme, akazichomoa na kupima ukinzani baina ya ncha mbili za elementi: omu 38. Ndivyo inavyotakiwa isome elementi ya wati 1,500 iliyotengenezwa kwa volti 240. Kipimo cha pili kilingoja saa moja jioni, mtaa mzima ukiwa umewasha kila kitu: soketi ilisoma volti 190. Volti zikipungua, nguvu ya elementi hupungua kwa mraba wake, kwa hiyo hapo zilibaki wati 940 tu. Rudia hesabu utapata saa mbili na dakika kumi. Hita ilikuwa ikisingiziwa.

Kipimo cha tatu kilikuwa kutoka ncha ya elementi hadi gamba lake la chuma. Elementi nzima huonyesha kwamba hakuna njia kabisa. Hii ilisoma omu 6,000. Kwa volti 240 hiyo ni karibu miliampea 40 zinazotoroka kwenda ardhini, na swichi ya kinga ya nyumbani kwa kawaida hukata kwenye 30. Swichi ilifanya kazi iliyowekewa. Anayekwambia uiondoe ili “isisumbue” anakuletea umeme bafuni.

Tangi likamwagwa maji na flanji ikafunguliwa. Gamba lilikuwa limepasuka karibu na kona ya chini, palipozama kwenye chumvi iliyotuama. Fimbo ya magnesiamu, ambayo kazi yake ni kuliwa na kutu ili tangi lisiliwe, ilibaki waya mtupu. Elementi mpya, fimbo mpya na gasketi mpya zilikuwa nafuu mbali kuliko hita nyingine.

Alipokuwa akisafisha chini ya tangi ndipo alipokiona kizibo. Vali ya usalama kwenye bomba la maji baridi ilikuwa imekazwa kizibo cha shaba kwa mkanda mweupe, kwa sababu “ilikuwa ikidondosha.” Ilikuwa na haki ya kudondosha! Lita 50 zikipanda kutoka nyuzi 25 hadi 60 hutanuka kwa takriban mililita 700, na maji hayo hayawezi kurudi nyuma kwa kuwa vali hiyo hiyo huyazuia. Tone la wakati wa kupasha ni pumzi ya tangi. La kutilia shaka ni lile lisilokoma hata hita ikiwa baridi: hapo ama kuna mchanga kwenye kiti cha vali, ama presha inayotoka mtaani ni kubwa mno. Dawa ni kuinua kishikizo maji yasukume uchafu, na ikishindikana, kubadilisha vali. Ukiiziba, kisha themostati ikagandamana, maji hupita nyuzi 100 bila kuchemka kwa kuwa yamebanwa. Siku chuma kikichoka, sehemu yake inageuka mvuke kwa mpigo mmoja, na mvuke huhitaji nafasi zaidi ya mara 1,600 ya maji yaliyouzaa.

Akaweka vali mpya, akaunga mpira wa kupeleka matone kwenye mfereji, akajaza tangi huku bomba la maji moto likiwa wazi mpaka maji yakatiririka bila kukohoa. Baada ya hapo ndipo alipowasha, kwani elementi ikiwashwa kavu huungua mara moja. Volti 190 za jioni hakuzigusa, hazimo kwenye begi lake. Aliwashauri wawashe hita alasiri.