Kasi "Hadi" Wapi? Lugha ya Wauzaji wa Intaneti ya Nyumbani Morogoro

Tunavyo mbele yetu vipeperushi vinne vya intaneti ya nyumbani vilivyogawiwa mjini Morogoro, jirani na Soko Kuu la Chifu Kingalu. Vyote vimeandikwa kwa Kiswahili, nasi twalipokea jambo hilo kwa furaha. Lakini tulipovisoma kwa nia ya kulinganisha bei, kasi na vyombo vinavyohitajika, tulishindwa kusema ni huduma ipi iliyo nafuu. Hesabu haikutushinda. Kilichotushinda ni istilahi.

Tuanze na neno dogo kuliko yote, nalo ni *hadi*. Vipeperushi vitatu vyatangaza "kasi hadi" kiasi fulani. Katika Kiswahili *hadi* hutaja mahali au kiasi kinachofikiwa. Abiria aliyelipa nauli ya gari la kutoka Morogoro hadi Mgeta hatarajii kushushwa Mzumbe, kisha aambiwe kuwa *hadi* maana yake ni popote kabla ya Mgeta. Muuzaji wa intaneti, hata hivyo, amekusudia kikomo cha juu ambacho huenda mteja asikifikie hata siku moja. Maana uwezo wa mnara mmoja hugawanywa kwa wote waliounganishwa nao, na saa mbili usiku, watu wakisharudi makwao, fungu la kila mmoja hupungua. Hii ni tafsiri ya sisisi ya msemo wa kigeni. Neno letu lipo: *isiyozidi*. "Kasi isiyozidi megabiti 20 kwa sekunde" haitapendeza sana masikioni mwa mtangazaji, twakubali, lakini ni kauli ya kweli. Ingefaa zaidi kama kasi ya chini nayo ingetajwa.

Kosa la pili ni zito zaidi kwa sababu halionekani. *Megabiti* na *megabaiti* hufupishwa kwa herufi zile zile, tofauti ikiwa ni ukubwa wa herufi moja tu, na baiti 1 ni biti 8. Kipeperushi kimoja kimetumia kifupisho kimoja kwa vyote viwili, kasi na kiasi. Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo anayetaka kupakua somo lenye ukubwa wa megabaiti 600. Kwa megabiti 20 kwa sekunde, kazi hiyo itachukua dakika 4, ikiwa kasi yote imepatikana. Akidhani ameuziwa megabaiti 20, atangoja sekunde 30, kisha ataanza kuitilia shaka kompyuta yake. Twapendekeza kwamba katika matangazo kwa umma maneno haya yaandikwe kwa urefu wake, bila kifupisho.

Kuhusu "bila kikomo" hatutasema mengi. Kifurushi ambacho hupunguziwa kasi baada ya kiasi fulani kutumika kinacho kikomo, na kiasi hicho yapasa kitajwe kwa maandishi yenye ukubwa ule ule wa bei. "Ruta ya bure" inayomfunga mteja kwa malipo ya miezi 12 nayo si ya bure.

Sasa tufike kwenye neno ambalo limetuchosha kuliko yote, *mtandao*. Mtu akiuliza, "Unatumia mtandao gani?" anataka jina la kampuni: Vodacom, Airtel, Halotel, au Yas, ambayo hadi mwaka 2024 iliitwa Tigo. Akisema, "Hapa hakuna mtandao," anazungumzia mawimbi. Akisema ameisoma habari mtandaoni, ni intaneti. Mjini, ambako maana zote tatu hupatikana mahali pamoja, hakuna anayeumia. Milimani ni jambo jingine.

Mwalimu mmoja mstaafu wa upande wa Mgeta alitusimulia yaliyompata. Alikwenda mjini kununua ruta ili wajukuu wake wafuate masomo kwa video, akauliza kama kwao kuna mtandao. Akajibiwa kuwa upo. Muuzaji hakusema uongo, kwa kuwa simu za kampuni yake zilikuwa zikiita huko. Mwalimu naye hakukosea kuuliza. Fedha zilitoka katika kiinua mgongo chake. Ruta ilipowashwa, mawimbi yaliyofika yalitosha mazungumzo tu. Jiografia ya Uluguru yaeleza sababu: minara iliyo kileleni Bondwa huonana na mji ulio chini yake, lakini mabonde yaliyo nyuma ya migongo ya milima hukaa kivulini. Alipojaribu laini ya kampuni nyingine, ruta iliikataa. Ilikuwa imefungwa kwa laini za kampuni iliyoiuza.

Sisi twaona maana hizo zitenganishwe: *mtandao* ubaki kuwa mfumo wa kampuni, *mawimbi* yawe kile kinachomfikia mteja, na *intaneti* iwe huduma yenyewe. Swali la mwalimu lingekuwa, "Mawimbi ya intaneti ya kampuni yenu yanafika kwetu kwa kasi gani?" Ni refu, lakini halijibiki kwa "upo".

Kipeperushi cha ruta ile kilisema ni "patanifu na vifaa vyote". *Kupatana* ni kwa waliogombana au wanaokubaliana bei. Baadhi ya wafasiri hutumia *oanifu*, nasi hatulikatai, ila twaona kitenzi cha zamani *kuchukuana* kingefaa zaidi. Kanga na blauzi huchukuana. Vivyo hivyo ruta na laini. Lakini hata neno bora halitamsaidia mnunuzi asipoambiwa chombo chachukuana na nini. Ruta ya 4G haipokei 5G, ambayo Vodacom iliizindua nchini mwaka 2022. Ruta ya laini haina mahali pa kuchomeka faiba, na Mkongo wa Taifa kupita Morogoro hakumfikishii mtu huduma mlangoni mpaka waya uvutwe hadi nyumbani kwake. Na hapa *hadi* limetumika ipasavyo.

Neno *ruta* lenyewe hatuna ugomvi nalo. Limekwisha kuzoeleka madukani, lina umbo la Kiswahili, na wingi wake hausumbui.