Bakuli na Tundu Lake

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ni kweli sokoni, lakini humpotosha mkusanyaji wa vyombo vya kauri, kwani kuna kizuri ambacho hakikuwekwa kiuzwe.

Nazungumzia kauri ya rangi hafifu yenye nakshi za kuchonga. Msomaji wa huku kwetu Lamadi, aliyezoea vyungu vilivyokwaruzwa shingoni kabla ya kuchomwa, ataielewa upesi. Mfinyanzi huchonga nakshi kabla udongo haujakauka kabisa. Kisha hupaka unga wa mawe na majivu uliokorogwa kwa maji, ambao katika joto kali la tanuri huyeyuka ukawa ngozi ya kioo. Ngozi hiyo hutuama ndani ya mikwaruzo, na pale ilipo nene rangi hukolea. Chombo cha namna hiyo hakimwiti mtu kwa mbali. Humlazimu akisogelee, na hapo ndipo ilipo heshima yake.

Wachina wa enzi ya Song (960–1279) waliimudu sana kazi hiyo, na katika karne zilizofuata mabakuli ya kijani ya Longquan yalifika hadi Kilwa na Gede. Waswahili wa pwani nao walikusanya kauri, ila kwa desturi yao: waliijengea misikitini na makaburini, kila apitaye aione. Kule Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, nguzo za makaburi zilipambwa kwa vyombo vya kauri vya ng'ambo. Vingi vimeng'olewa, yamebaki matundu ya mviringo. Tunayo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, lakini sheria haizibi tundu.

Wako wanaodai kwamba bakuli hukaa salama zaidi kabatini kuliko juani na mvuani. Sikubaliani nao. Bakuli lililong'olewa na kufichwa sebuleni kwa mtu halisemi tena lilimheshimu marehemu yupi, na mwanachuo anayesimama mbele ya tundu amenyang'anywa somo lake.

Ndiyo maana nawasifu wanaokusanya kauri za kisasa za Japani. Tsukamoto Kaiji (1912–1990), wa mkoa wa Gifu, aliifuata njia ya mafundi wa Song akachonga kauri nyeupe yenye ubuluu kidogo, na mwaka 1983 taifa lake likamtambua kuwa hazina hai. Maeda Akihiro, aliyezaliwa mwaka 1954, alipata hadhi hiyo mwaka 2013 kwa kauri nyeupe. Yeye huchonga pande bapa, akiacha mwanga na kivuli vifanye kazi ya maua.

Nina neno dhidi yao pia. Vyombo hivyo ni safi mno, hata mtu huona haya kuvitilia mchuzi, na chombo kisichothubutu kutumika kimepungukiwa na kitu. Lakini upungufu huo hauna mwathirika. Fundi anajulikana kwa jina, amelipwa jasho lake, wala hakuna ukuta uliobomolewa.

Basi, mpenda kauri na aulize kwanza chombo kimetoka wapi, ndipo aulize bei. Akisikia kimetoka kaburini, asikinunue hata kwa senti moja, na awape habari maofisa wa mambo ya kale.